Unga umeanzia kwenye damu au kwenye kidonda?

Juzi barazani hapa Kwahani, Zanzibar, watu wamebishana sana juu ya unga, yaani heroini, nini kinamfanya mtu aanze. Mzee mmoja kasema mateja, hawa waliotekwa na unga, wamejitakia wenyewe, mwengine akamjibu hapana, hawa wameumia zamani, unga umewakuta na kidonda tayari. Mimi naegemea kwa huyu wa pili lakini mzee nae ana lake.

Kuna kijana namjua tangu skuli, babake kafariki yeye yuko darasa la 3, akawa anahamishwa tu, leo kwa shangazi kesho kwa mjomba, na hakuna hata mmoja alomkalisha chini akamuuliza vipi mwanangu. Aliniambia kete ya mwanzo alivyovuta alihisi kama mtu kamfunika shuka alfajiri ya baridi. Sasa mtu kama huyo ukimwambia acha tu, unamvua shuka na baridi iko pale pale. Marekani mwaka 1998 Vincent Felitti na wenzake walitoa utafiti wa watu zaidi ya 9,000, wale walopitia aina 4 au zaidi za mateso utotoni, mfano kupigwa, kudhalilishwa au kukulia nyumba yenye mlevi, hatari yao ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 mpaka 12 ya wasopitia chochote. Hiyo si bahati mbaya.

Lakini huyo kijana ana ndugu zake 2 tumbo moja, msiba ule ule, na hawajaugusa unga. Na mamake je? Bi mkubwa yule sufuria zake zilikuwa zinalala chini ya kitanda, funguo ya chumba kaifunga pindo la kanga, maana zile za jikoni zilishaenda kwa mnunua skrepa zote. Ukimwendea na maneno ya kidonda cha moyo atakuuliza na wake nani anautazama, na ana haki kabisa.

Halafu kuna mwili. Arosto, yale maumivu ya mwili ukikosa unga, haingoji mtu amalize kumlilia babake, mifupa inauma, anatapika, hakulaliki. Ndo maana hospitali ya Kidongo Chekundu hapa Unguja tangu 2015 wanatoa methadoni, dawa ya kuzuia arosto, mtu anaenda kila siku anakunywa mbele ya nesi. Wengi wanasema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo na nilikosea, kwa sababu dozi ikipimwa vizuri inakaa mwilini siku nzima, mtu habembei, anaweza kwenda kazini kwake. Na jengine zito zaidi, alokaa klini, yaani bila kuvuta, miezi kadhaa soba hausi, nyumba ya kuachia unga, akirudi kupiga kipimo chake cha zamani anaweza kufa pale pale, mwili umeshasahau.

Wanaosema yote ni unga wenyewe nawakumbusha wanajeshi wa Marekani walorudi kutoka Vietnam mwaka 1971, Lee Robins aliwafuatilia. Karibu 1 kati ya 5 walisema walikuwa mateja kule, lakini mwaka wa kwanza nyumbani walorudia uteja walikuwa kama 5 kwa 100 tu. Wao lakini waliondoka vitani moja kwa moja! Wetu anatoka soba hausi, kashazoea kukaa kwenye duara akasheya yaliyomo moyoni, anarudi nyumba ile ile ambayo hakuna anaezungumza, maskani hatua chache, na kila kitu kikipotea anatazamwa yeye. Kwangu mimi hapa ndo tunapowapoteza, tunamtibu kijana peke yake na nyumba tunaiwacha. Laiti mama nae angeitwa kwenye yale mazungumzo, aseme na yeye sufuria zilivyomuuma, na kijana amsikie.

Huyu wetu sasa hivi yuko klini mwaka wa 2. Mara ya mwanzo alimzungumzia babake mbele ya mamake ilikuwa Ramadhani ilopita, baada ya futari, wakalia wote wawili mpaka adhana ya isha.