Benki Si Mdai Pekee

Zunguka Kariakoo utawasikia wengi wakisema kusajili kampuni ili kulinda mali yako ni kujitafutia gharama, maana ukienda kukopa benki itakusainisha dhamana binafsi vilevile. Hoja hiyo ina uzito. Mkurugenzi akishaisaini, kampuni ikishindwa kulipa anafuatwa yeye. Na kama nyumba iliwekwa rehani, mwenzi wake akaridhia kama Sheria ya Ardhi inavyotaka, itanadiwa.

Gharama nazo zipo. Mtu binafsi mwenye mauzo madogo anaweza kulipa kodi ya makadirio. Kampuni, hata iwe ndogo vipi, haina nafasi hiyo. Inatozwa asilimia 30 ya faida, inahitaji mhasibu, na kila mwaka lazima ipeleke ritani (taarifa ya mwaka) BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Fundi cherehani asiye na wadai simsukumi huko.

Lakini wasemao hivyo wamemhesabu mdai mmoja tu. Chukua mwenye fuso tatu zinazobeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Benki inamdai, sawa. Kuna pia muuza matairi aliyempa kwa mali kauli, kituo cha mafuta, mwenye yadi na mwenye shehena. Hawa kwa kawaida hawakumsainisha dhamana yoyote. Halafu yupo mdai ambaye hata hajamfahamu bado: dereva akipitiwa na usingizi mlima Kitonga akaua watu, na fidia ikazidi bima?

Akiwa na jina la biashara tu, anayeshtakiwa ni yeye, kwa kuwa jina hilo halimtengi na biashara yake. Dalali wa mahakama atakuja kuulizia kiwanja cha Kibaha, gari la kutembelea, akiba ya ada za watoto. Kama dereva aliajiriwa na kampuni, na gari ni la kampuni, kinachofuatwa ni mali ya kampuni. Mwenye hisa atapoteza alichowekeza, na hilo si dogo, ila kiwanja kinabaki. (Akiwa yeye mwenyewe kwenye usukani, asitegemee kampuni imbebe.)

Hata dhamana ya benki watu huisaini kama vile haina mjadala. Mara nyingi imeandikwa kwamba inahusu madeni yote, ya sasa na yajayo. Umekopa milioni 50, ukalipa. Baada ya miaka miwili mkurugenzi mwenzako anachukua mkopo mwingine kwa jina la kampuni, na sahihi yako ya zamani ingali inafanya kazi. Ukiuza hisa zako ukaondoka, haiondoki nawe mpaka benki ikufungue kwa maandishi. Omba iwekewe kiwango na mkopo unaohusika utajwe. Benki inaweza kukataa, lakini wengi hawajawahi hata kuuliza.

Kinga hii ya kampuni ina masharti yake: mali ya kampuni iwe ya kampuni kweli. Mwaka 1925 Baraza la Mabwana (House of Lords) huko Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, lilimnyima fidia Macaura, mfanyabiashara aliyeiuzia kampuni yake magogo kisha akayakatia bima kwa jina lake mwenyewe. Yalipoungua, mahakama ilisema hayakuwa yake. Wenye malori huku kwetu hufanya kinyume chake: kampuni ipo, mhuri upo, lakini kadi za magari zimeandikwa jina la mwenye kampuni mwenyewe, na nauli za mizigo zinaingia kwenye simu yake.