Mwisho wa Reli: Buha Ilisahauliwa au Ilitumika?

Kigoma imezoea kuitwa "mwisho wa reli", na wenyewe tunalitania jina hilo. Ila ukipanda kutoka ziwani kwenda Manyovu, Heru Juu, Kasulu hadi Kibondo, kwenye miinuko ya Waha ambako ukungu hukaa migombani mpaka jua lipande, utani unageuka mabishano. Mwaka 2022 majenereta ya mafuta ya Kasulu na Kibondo yalizimwa, umeme wa gridi ya taifa ukaingia. Lami ya kwenda Nyakanazi nayo imeacha kuwa hadithi ya kampeni. Sasa swali linaulizwa kwa sauti: Buha, nchi hii ya milima ya Waha, ilichelewa kwa kuwa ilisahauliwa, au ilikumbukwa vizuri tu, ikapangiwa kazi ya kutoa watu?

Wanaosema tulisahauliwa hawaoti. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ilipita bondeni, milimani haikupanda. Mzigo wa Kasulu ulishuka kichwani, baadaye kwa malori yaliyolala kwenye tope kila masika. Kahawa ya Manyovu, ambayo udongo na mwinuko wake havina deni na mtu, kwa miaka mingi ilitegemea mnada wa Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Gharama ya kila kilomita ilitoka kwa mkulima. Kwa hiyo, wanasema, dawa ni barabara, umeme na reli, na mengine yatajipa.

Hoja hiyo inajikwaa Uvinza.

Uvinza iko chini ya miinuko, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Pana chemchemi za maji ya chumvi kali. Wanaakiolojia waliochimba hapo miaka ya 1960 walikuta ushahidi kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi tangu yapata karne ya 5 au ya 6. Kiangazi, mito iliposhuka na chemchemi kubaki wazi, watu walikusanyika kutoka Buha, Unyamwezi na mbali zaidi. Maji yalichotwa, yakawekwa kwenye mashimo yaliyokandikwa udongo wa mfinyanzi, kisha yakachemshwa kwa kuni mpaka chumvi ikabaki chunguni. Mvua zikirudi, kila mtu na mzigo wake kwao. Chumvi hiyo ililiwa pande zote za Ziwa Tanganyika. Watemi wa Wavinza hawakuwa na haja ya kukaa motoni: walichukua fungu lao la chumvi, na wakawatoza wasafiri ushuru wa kivuko. Burton na Speke, wapelelezi Waingereza waliopita mwaka 1858 wakielekea Ujiji, walilipa Malagarasi kama wengine.

Hicho kilikuwa kiwanda, ingawa hakikuwa na bati wala king'ora. Kulikuwa na malighafi, nishati, mfinyanzi, kibarua wa msimu, mchukuzi, mtoza ushuru na soko. Sisemi ilikuwa pepo; miti iliteketea kwa wingi, na njia hizo hizo za biashara zilipitisha watumwa. Ninachosema ni kwamba uzalishaji ulikuwepo miaka zaidi ya 1,000 kabla ya reli, na sehemu kubwa ya faida ilibaki magharibi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walizitwaa chemchemi na kuziweka mikononi mwa kampuni. Enzi ya Waingereza ikaja Nyanza Salt Mines. Aliyekuwa akija kiangazi kuchemsha chumvi yake akawa mtu wa kusubiri mshahara. Reli ilipita hapo hapo mlangoni, na kwa hakika iliifaa chumvi, lakini kwa wakati huo chumvi ilikuwa imeshabadilisha mwenyewe.

Milimani reli ilifanya kazi nyingine. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha Buha ilikuwa adimu. Waha wakaanza kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua, na Kigoma ikawa moja ya visima vyake vikubwa. Mtu alipewa namba, na kutokana na namba likaja neno manamba. Treni ambayo ingebeba mazao ya Buha ilibeba Waha.

Ndiyo maana wanahistoria wa kizazi cha kwanza baada ya uhuru waliiita Kigoma hodhi la nguvukazi. Hoja yao ni nzito ukilinganisha. Uhaya na Uchaggani, milima na migomba kama kwetu, kahawa ilishika mapema. Mhaya na Mchagga wakalipia kodi buni, na mkonge haukuwapata kirahisi. Warundi ndio waliokuwa wakienda Buhaya kutafuta kibarua. Buha ingepata kahawa ya kutosha mapema, Tanga ingekatiwa mkonge na nani? Kusahauliwa kwetu kulikuwa na faida kwa mtu.

Hata hivyo hoja hii nayo ina mahali inapochechemea. Inamfanya Mha mzigo unaopakiwa na kupakuliwa. Wengi walikwenda kwa hesabu zao. Katika Buha ya ubugabire, ambako mtu asiye na ng'ombe alijifunga kwa mwenye ng'ombe ili apewe wa kufuga, kijana aliyerudi na fedha za mkonge angeweza kununua ng'ombe wake mwenyewe na kulipa mahari bila kumwinamia mtu. Baiskeli, nguo na Kiswahili cha mjini vilipanda mlima kwa njia hiyo hiyo.

Halafu kuna miaka ya baada ya 1961, ambayo huwezi kumtwisha Mwingereza. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha watu kwa wingi kuwapeleka vijiji vya ujamaa. Aliyekuwa na kaya mgongoni mwa kilima, migomba ikiwa imeizunguka nyumba na samadi ya ng'ombe ikitupwa shinani, alijikuta anajenga upya kando ya barabara, shamba likiwa mwendo wa saa kadhaa. Waliopanga waliona zahanati na shule, na kweli zilikuja. Mgomba haukuulizwa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, mkulima wa kahawa akabaki bila chombo chake cha kujadiliana bei.

Mimi naegemea upande wa pili, wa kwamba tulitumiwa, kwa sharti moja: tuache kuusimulia kama dhambi ya mkoloni peke yake. Barabara na reli huongeza kasi ya kile zinachokikuta. Zikikuta kahawa yenye chama imara zitabeba kahawa. Zikikuta kijana asiye na kitu zitambeba kijana. Ushirika kama Kanyovu wa Buhigwe, kwa maoni yangu, una uzito kuliko tunavyoupa, na sijui kwa nini sherehe zetu zote ni za kukata utepe wa lami. Hata michikichi iliyofufuliwa kwa kishindo tangu 2018, na miche ya Tenera, mchikichi chotara, inayozalishwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, itaamuliwa na swali hilo hilo: mashine ya kukamua ni ya nani, na mise, kokwa za mchikichi, inasagwa wapi.

Sasa inakuja SGR, reli ya kisasa, ya Uvinza kwenda Musongati, Burundi, kilomita 282, na shehena inayosubiriwa zaidi ni nikeli. Itapita jirani na chemchemi zile zile za chumvi na kuvuka miinuko ambayo reli ya 1914 iliikwepa. Sijasikia bado mjadala wa stesheni ipi itakuwa na ghala la kahawa au maharage ya Kasulu. Wakati huo huo, msimu wa kulima ukifika, Warundi wanavuka mpaka wa Manyovu na majembe begani, wanauliza kibarua kwenye mashamba ya Waha. Bei ya siku hupangwa na mwenye shamba.