Unyayo Bandia Uchaguliwe kwa Ardhi Tunayoikanyaga

Kila ninapokutana na kijana aliyekatwa mguu chini ya goti na ambaye bado ana hamu ya michezo, swali lake la kwanza huwa ni lilelile: atapata wapi ule unyayo uliopinda kama upinde, anaouona kwa wanariadha wa Paralimpiki? Ninalielewa swali hilo, kwa kuwa nami niliwahi kuliuliza baada ya ajali yangu ya pikipiki. Hata hivyo, naamini si hapo pa kuanzia.

Nyayo za namna hiyo, za nyuzi za kaboni, zilitokana na kazi ya Mmarekani Van Phillips, aliyepoteza mguu mwaka 1976 na katika miaka ya 1980 akabuni unyayo unaojikunja unapokanyagwa na kurudisha nguvu unaponyanyuliwa. Ni kazi kubwa mno. Lakini ule wa mbio fupi hauna kisigino; aliyeuvaa hupata taabu hata kusimama palepale, sembuse kuinama kutwa nzima akiokota korosho.

Mimi hukimbia alfajiri ufukweni Shangani, hapa Mtwara mjini, na msimu wa korosho huhamia shambani Newala kwa majuma kadhaa. Msimu uliopita nilianza kusikia mlio mdogo wa kukwaruza kila nilipokanyaga. Nilipolivua ganda la mpira linalofunika unyayo, nikamwaga mchanga wa kujaa kiganja, na ukingo wa unyayo wenyewe ulikuwa umeanza kusagika. Tangu hapo nauheshimu zaidi unyayo wa Jaipur, uliobuniwa India mwishoni mwa miaka ya 1960 na fundi Ram Chandra Sharma pamoja na daktari P. K. Sethi, kwa ajili ya watu wanaotembea pekupeku, wanaochuchumaa na kulima kwenye matope. Hao walianza na ardhi.

Tena unyayo si wa kwanza kwa umuhimu. Soketi, yaani sehemu inayoshika kigutu, ikipwaya au ikibana, hakuna unyayo duniani utakaomwezesha mtu kukimbia, na ndiyo sababu kila jioni nakikagua kigutu changu kwa kioo kidogo, nikitafuta wekundu usiofifia au ngozi iliyochubuka. Baada ya hapo ndipo huja uzito wa mwili, kwa kuwa ugumu wa unyayo wa kaboni hupangwa kwa uzito na kwa shughuli za mvaaji. Karakana iliyonipa unyayo wangu wa kwanza wa kaboni haikunipima hata kilo. Unyayo ulikuwa mgumu kupita kiasi, na goti likaniuma kwa miezi.

Wala michezo haisubiri mguu bandia. Wachezaji wote wasio makipa wa Tembo Warriors, timu yetu ya taifa iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia la soka la watu wenye ulemavu wa viungo nchini Uturuki mwaka 2022, hucheza kwa magongo bila kuuvaa kabisa.

Mwezi ujao nakwenda kurekebishiwa mguu. Nitabeba raba za kukimbilia, ndala na viatu vya shamba, kwa sababu urefu wa kisigino ukibadilika mwili huegemea mbele au nyuma, nami nataka fundi anione nikitembea na vyote vitatu kabla hajakaza skrubu hata moja.