Sisimizi wa kaharabu na kibali chao

Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA hapa Nairobi iliwatoza vijana wawili Wabelgiji faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kukutwa na sisimizi hai wapatao 5,000. Watu walicheka: sisimizi nao wana bei? Wanayo. Hata waliokufa zamani za dinosaria wanayo, na hao ndio wanaonikosesha raha.

Kaharabu ya Kachin, Myanmar, ni utomvu wa miti ulioganda miaka kama milioni 99 iliyopita. Ndani yake wamo "sisimizi wa jehanamu", ukoo uliotoweka kabisa. Taya za sisimizi wa leo hukutana kutoka pande mbili kama koleo. Zao zilinyanyuka kwenda juu, zikabana windo kwenye pembe iliyoota usoni. Mwaka 2020 alielezwa mmoja, Ceratomyrmex ellenbergeri, aliyeganda na windo lake bado mdomoni. Bila jiwe lile, nani angesadiki?

Tatizo ni machimbo. Mwaka 2017 jeshi la Myanmar liliyatwaa kwa mapigano. Sheria ya huko inazuia visukuku kutoka nchini, ila kaharabu huhesabiwa kito, basi inapita. Ndiyo maana Aprili 2020 chama cha wataalamu wa visukuku, Society of Vertebrate Paleontology, kiliyaomba majarida yasichapishe tafiti za vipande vilivyonunuliwa baada ya jeshi kuingia.

Wanaopinga ombi hilo wana hoja nzito: mtafiti asiponunua, sonara atanunua, na kipande kitaishia kuwa kidani. Sisi wa pwani tunalijua hilo. Sandarusi yetu, utomvu mgumu wa miti unaofanana na kaharabu, ilisombwa karne ya 19 hadi Salem, Marekani, ikayeyushwa kuwa vanishi, pamoja na wadudu waliokuwemo.

Hata hivyo, sioni kwamba sayansi ingekufa njaa. Ndugu wa kale wa siafu wetu, Dissimulodorylus perseus, alikuwa ndani ya kaharabu ya Baltiki, Ulaya, iliyochimbwa mnamo miaka ya 1930 na kuhifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Alitambuliwa 2022 tu. Makabati kama hayo yafunguliwe kwanza. Vijana wa JKIA hawakushtakiwa kwa kupenda sisimizi, walikosa kibali. Kipande kilichotoka Kachin baada ya 2017 ningekiacha, hata kama kina sisimizi ambaye hajawahi kuonekana na mtu, na nakiri roho ingeniuma.