L Siyo Legeza

Kabla hamjaendelea kumwamini rafiki yangu aliyewarushia ile video yangu nikipambana na nati za tairi, nisikilizeni mimi mwenye tukio. Kwanza, sikulia, lile ni jasho. Pili, nilivunja boliti mbili, siyo nne.

Gari ni Dodge Dart ya mjomba, ya mwaka 1966. Tairi la mbele kushoto limeisha upepo. Pancha tu, niogope nini? Wiki iliyopita nilibadilisha la nyuma kulia na nati zilitoka bila ubishi.

Nikaweka wili spana, nikasukuma kinyume na saa kama binadamu wote. Kimya. Nikavuta kwa mikono miwili. Kimya. Nikasema kutu hiyo, nikachomeka bomba kwenye mpini. Nati ikalia ngiii, ikasogea unywele mmoja. "Inakubali!" nikamwambia rafiki. (Video inaanzia hapo. Anajua kuchagua.)

Nikapanda juu ya bomba kwa mguu mmoja, mkono kwenye paa. Nikaongeza wa pili. Nikachuchumaa. Nikaruka. Nilipotua tu: TA! Spana kule, bomba huku, mimi chini kwa makalio, na nati ikiwa na kipande cha boliti tumboni inabingirika taratibuuu hadi kwenye kiatu cha rafiki. Akaitazama, akasema, "Bado nne."

Ndiyo, nilirudia. Wewe unayecheka, ungefanya nini?

Ya pili ilipokatika, mzee mpita njia akainama, akafuta ncha ya boliti nyingine kwa kidole gumba.

"Kijana, hii L hukuiona?"

"Niliiona mzee. Si Legeza?"

Alicheka hadi akaegemea boneti. Kumbe ni L ya Kiingereza, ya kushoto. Hadi karibu mwaka 1970 Chrysler, watengenezaji wa Dodge, walikuwa wakiweka boliti zenye uzi wa kinyume (nati inafunguka kwa kufuata saa) upande wa kushoto, wakihofia mzunguko wa gurudumu usije ukalegeza nati. Kulia, uzi wa kawaida. Yaani muda wote ule nilikuwa nakaza. Kwa uzito wangu wote. Kwa kuruka.

Tatu zilizobaki zilifunguka kwa mkono mmoja. Nikarudi mwendo wa jeneza, fundi akapiga boliti mpya, mjomba akaona video kabla sijafungua mdomo, funguo kachukua.

Tangu juzi, nikishika hata kifuniko cha chupa, ananionyesha kwa kidole upande wa kuzungushia.