Nilikwenda Palermo Kukaa

Mimi ni mtu wa Malindi. Kiitaliano nilikiokota ufukweni kabla sijakisoma popote, na sasa nafanya kazi mapokezi ya hoteli ambayo wageni wake wengi ni Wataliano. Nawajua wanavyopumzika. Mtu anakuja wiki tatu, wengine mwezi mzima. Asubuhi kahawa, halafu bahari, mchana usingizi, jioni anatembea polepole na kofia yake ya ukili akiamkiana na muuza madafu. Hakuna anayemuuliza amefuata nini. Amekuja kupumzika, basi.

Nilipomwambia mama kwamba nakwenda Italia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umepata kazi huko?" Nikamwambia la, nakwenda kutembea. "Na nani?" Peke yangu. Akanyamaza kidogo. "Siku tisa, mwanangu, huna kazi, huna mwenzio. Utakuwa ukifanya nini?"

Marafiki zangu wao walikuwa na jibu tayari: Roma siku mbili, Florence moja, Venice mbili, Milan kununua viatu. Visa imekula pesa na nauli imekula pesa, kwa hiyo lazima uone kila kitu. Naielewa hesabu hiyo. Ukishapeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima na tiketi ya kurudi ili watu wasiokujua waamini kwamba kweli utarudi kwenu, unaanza kujihisi una deni, na unataka kulilipa kwa miguu na kwa picha. Mimi nakataa kwamba lipo deni. Nilijiwekea akiba miaka mitatu. Mwezi wa nne, masika yalipoingia na hoteli yetu ikafungwa kama kawaida ya msimu huo, nilikwenda mji mmoja tu, Palermo, kisiwani Sicily, nikakaa humo siku zote tisa.

Nilipanga chumba karibu na soko la Ballarò. Hilo soko usilipite mbio. Wauzaji wanainadi samaki na mbogamboga kwa sauti ya kuvuta, nusu wimbo, na katikati yao wamo Waghana na Wabangladeshi wenye maduka yao. Kila asubuhi nilisimama kwenye kibanda kilekile kula panelle. Unga wa dengu unasongwa kwa maji mpaka unakuwa mzito, unaachwa upoe, unakatwa vipande vyembamba na kutiwa kwenye mafuta. Vikitoka vya moto vinaingizwa ndani ya mkate uliopakwa ufuta juu, limau linakamuliwa, unakula hapohapo ukiwa umesimama. Siku ya kwanza muuzaji alinipa bila kuniangalia. Siku ya tatu alinisalimu. Siku ya nne hakuningoja niagize.

Siku ya pili kulikuwa na jambo lililonikaa moyoni. Kituo cha basi, mama mmoja mtu mzima aliniuliza nafanya kazi nyumba ya nani. Hakuwa na ubaya, na wanawake wengi weusi anaowaona pengine ndiyo kazi yao, kulea wazee na kutunza nyumba, kazi ya heshima kabisa. Lakini hata yeye, kama mama yangu, hakufikiria kwamba mwanamke wa Kiafrika aliye peke yake Ulaya anaweza kuwa amekaa tu. Nikamjibu kwa upole kwamba niko likizo. Akashangaa, kisha akanisogezea mkoba wake nipate pa kukaa.

Basi nilikaa. Pale Quattro Canti, njia panda ya karne ya 17, pembe zote nne zina majengo yaliyochongwa masanamu na chemchemi za maji, na jua likizunguka kuanzia asubuhi hadi jioni linaangaza pembe moja baada ya nyingine. Wenyeji wamepaita Ukumbi wa Jua. Vikundi vinafika, kiongozi anainua kibendera, wanapiga picha wanaondoka, wakiwa wameona pembe moja tu ina mwanga. Nilirudi hapo mara tatu siku moja.

Moja ya barabara mbili zinazokutana hapo, wenyeji wanaiita Cassaro. Nilisikia jina hilo mara nyingi kabla halijaniingia akilini: ni kasri! Waislamu waliushika mji huu mwaka 831, Wanormani, wapiganaji Wakristo waliotoka Ufaransa, wakauchukua mwaka 1072, lakini maneno hayakufukuzwa. Dukani nikaona chupa imeandikwa zibibbo, aina ya zabibu. Zafferano ni zafarani. Arancia, chungwa lao, ni ndugu wa narinji yetu. Kiarabu kimepita kwao na kimepita kwetu, kikaacha vyombo vilevile jikoni. Furaha niliyoipata hapo sikuisoma kwenye kitabu cha utalii. Nimeipata kwa kusikiliza watu wakinunua vitu.

Madirishani nikawa naona jambo jingine. Kuna mti wanaoupenda sana, pomelia, wenye maua meupe yenye njano katikati, ambao kwetu unamea nje bila kutunzwa. Kwao baridi huuumiza. Kwa hiyo matawi yalikuwa hayana jani, na kila ncha ya tawi imevikwa ganda la yai, nusu ganda, kama kofia ndogo ya kukinga chipukizi. Roshani moja niliyohesabu ilikuwa na makofia kumi na saba. Mtu ameketi akayaweka moja moja.

Kwenye kasri la Wanormani nililipa kiingilio nikakaa ndani ya kanisa dogo la mfalme Roger wa Pili mpaka shingo ikauma kwa kutazama juu. Dari ni la mbao, limechongwa visanduku vinavyoning'inia kwa ufundi wa Kiislamu na kuchorwa wapiga ala, wanyama na watu walioketi wakinywa, na kuta zake ni vigae vya dhahabu vya Kigiriki. Lakini kilichonitia joto ni mtu mmoja aliyefanya kazi kwa mfalme huyo, al-Idrisi. Yeye alikusanya habari za dunia kwa miaka ipatayo kumi na mitano, akiwauliza wasafiri na wafanyabiashara waliopita, akamaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154. Humo ndani imo Malindi, na chuma chake. Imo Mombasa pia. Hakuwahi kufika kwetu. Alikaa akauliza, na jina la mji wangu likaandikwa hapo Palermo karne nyingi kabla ya Mreno kutia nanga kwetu.

Siku hiyo ndipo muuzaji wa panelle aliponiuliza natoka wapi. "Malindi." Akamwita mwenzake kwa sauti, "Malindi!" Halafu akaniuliza, "Likizo?" Nikamwambia ndiyo, kama nyinyi kwetu. Alisimama na mwiko mkononi, akaliwaza hilo, akatikisa kichwa kukubali. Sikumwona akicheka, na nilimshukuru kwa hilo.

Kanisa kuu nilikuwa nimelipita mara mbili. Mara ya tatu, asubuhi ya siku ya saba, nilisimama barazani upande wa kusini kukwepa jua, na hapo kwenye nguzo ya kushoto nikaona maandishi ya Kiarabu yamechongwa. Kanisa hili lilijengwa kuanzia mwaka 1185 mahali palipokuwa msikiti, na nguzo ikabaki na aya yake, ya 54 ya Suratul-Aaraf. Nikampigia mama kwa video. Mama amesomesha chuoni miaka mingi, aya hana haja ya kuifungulia msahafu. Nikasogeza simu karibu na jiwe, nikafuatisha kwa kidole nisiguse. Herufi za kale zilinishinda, nikamtajia maneno mawili matatu niliyoyatambua, naye akaichukua aya yote, habari za mbingu na ardhi kuumbwa kwa siku sita na usiku na mchana kufuatana. Sauti yake ikatoka kwenye simu, pale mlangoni, na watu wakawa wanapita kuingia kanisani.

Alipomaliza tulikaa kimya wote wawili. Kisha akaniuliza kama nimekula.

"Nimekula, mama. Bhajia."