Shangazi Alivyoliogesha Jeshi

Hapa Nottingham, Uingereza, mtu akikwambia ana jeshi nyumbani, humshangai. Ndiyo makao ya Games Workshop, kampuni ya visanamu vya askari wa michezo ya vita ya mezani, na ukiwaacha hao wakubwa kuna karakana ndogo kadhaa zinazotengeneza visanamu hivyohivyo. Fundi bomba, mwalimu, dereva wa basi, unakuta kila mmoja ana kikosi chake kabatini na brashi ambayo hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kuigusa.

Kupaka rangi si tatizo. Kisanamu cha milimita 28 kinakula jioni nzima: unapiga rangi ya msingi, unafuatia ya nguo, unatia wino mwepesi ujikusanye kwenye mikunjo, unagusa rangi ya mwanga puani na kwenye vifundo vya vidole, unamalizia na vanishi. Tatizo ni kesho yake. Kimekauka, kimependeza. Sasa ukifanyie nini?

Wapo wanaoviweka kwenye kabati la vioo lenye taa, na mgeni akisogea anaombwa asipumue kwa nguvu. Wapo wanaobandika sumaku chini ya kila kimoja na kuvisimamisha ndani ya sanduku lenye bati la chuma, visigongane garini wakienda kucheza. Wenye macho makali hupeleka kimoja tu kwenye mashindano ya kupaka rangi kama Golden Demon, yaliyoanza mwaka 1987, ambako majaji wanakagua mpaka mboni za macho. Wengine huuza papo hapo ili wanunue vingine visivyo na rangi. Na wengi, ingawa hakuna atakayekiri mbele ya mkewe, hufunga boksi, wakalisukuma uvunguni na kuanza jeshi jingine.

Mimi ni mtoto wa Tanga, kwa hiyo nilipaka vita vya Tanga vya Novemba 1914. Waingereza walileta watu kama 8,000 kutoka India, wengi wao Wahindi, wakashukia Ras Kazone. Mjerumani alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Katikati ya mapigano risasi zikavuruga mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka na hasira zao, wakamuuma kila waliyemkuta bila kuuliza ni wa upande gani. Waingereza wakarudi melini, wakaacha nyuma bombomu 16 na risasi 600,000. Baadaye wakazusha kwamba Mjerumani alikuwa amewatega wale nyuki kwa nyaya. Mtu akishindwa hakosi la kusema.

Basi nilikuwa nao wote. Askari wa Mjerumani na kaki zao, vitambaa vya buluu vimezungushwa miguuni. Vikosi vya Kashmir. Waingereza wa Lancashire. Fahari yangu hasa ilikuwa kamanda wa Mjerumani, von Lettow-Vorbeck, juu ya baiskeli, kwa sababu usiku wa kuamkia vita aliingia mjini mwenyewe kwa baiskeli kuchungulia kama adui yumo. Spoku za ile baiskeli nilizitengeneza kwa waya ambao ukipiga chafya unaupoteza. Nyuki walikuwa vipande vya pamba vilivyonyunyiziwa pilipili manga. Na buti zote, za pande zote mbili, nilizipaka unga wa rangi ya udongo mwekundu, ili mtu akiangalia aseme, naam, hawa wametembea Tanga.

Mkumbuke huo udongo.

Shangazi alikuja kututembelea kutoka Ngamiani, Tanga, na begi la dagaa na maoni. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kabati, mikono nyuma, akapitia jeshi zima safu kwa safu.

"Baba, umekuwa mganga?"

"Hapana shangazi. Hawa ni askari wa vita vya Mdachi."

"Aaa." Akasogeza miwani. "Na ukishamaliza kuwapaka, wana kazi gani?"

Nikamweleza habari ya kabati, sumaku, mashindano. Nikamweleza kwamba Jumapili nitawapeleka mji wa Newark kwenye maonyesho, tuwapange mezani, tucheze vita vyenyewe watu wakitazama. Alinisikiliza kwa ile heshima anayopewa mgonjwa.

"Sawa," akasema. "Lakini miguu yao michafu."

Jumamosi asubuhi nikashuka ngazi na kumkuta jikoni amejifunga kanga, anachapa maandazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Nimewaogesha watoto wako."

Nikamshukuru, nikajimiminia chai. Nilikuwa nimeshaweka sukari nilipowasikia watoto wangu wakigombania blanketi chumbani kwao. Walikuwa bado kitandani! Nikaangalia kabati. Kabati lilikuwa tupu, vioo vinang'aa, na lile fungu la nyuki limerudishwa kwenye kopo la pilipili manga.

Bafuni kulikuwa na beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na maji meupe, na juu ya yale maji vilitokeza vichwa viwili vitatu na mkono mmoja ulioshika bunduki. Harufu niliijua kabla sijaingia. Ni ile dawa ya kuulia vijidudu, ya kahawia, inayogeuka maziwa ukiitia maji. Pwani nzima inaogewa, inapigiwa deki, inaoshewa vidonda na nepi za watoto. Shangazi hasafiri bila chupa yake.

Sasa, jambo ambalo shangazi hakulijua, na ambalo kila mpakaji rangi wa Uingereza analijua, ni kwamba dawa hiyohiyo ndiyo tunayotumia makusudi tukitaka kuvua rangi kisanamu kilichoharibika. Unakizamisha kwenye dawa tupu usiku kucha, rangi inalainika na kuachia chuma. Lakini ina mwiko mmoja: usitie maji mapema. Suuza kwanza kwa dawa yenyewe, sugua rangi yote itoke, ndipo maji yafuate. Ukitangulia maji, ile rangi inageuka ulimbo.

Shangazi aliwalaza usiku kucha kwenye chupa nzima, kwa kuwa uchafu ulikuwa mwingi. Alfajiri, kwa huruma, akawamiminia maji ya moto.

Nikamtoa mmoja, askari wa Kashmir. Kaki ilikuwa imemteremka begani ikachanganyika na rangi ya ngozi, wino, vanishi na ule udongo wangu mwekundu, yote yakajikusanya usoni kama bigijii iliyotafunwa. Shavu moja lilikuwa limeufunika mdomo, na jicho halikuonekana lilikohamia. Nilipotaka kumrudisha akakataa kutoka kidoleni.

"Wametakata?" shangazi akauliza kutoka jikoni.

Utamjibu nini mtu aliyekubeba mgongoni? "Wametakata, shangazi. Ahsante."

Mke wangu alikuja mlangoni, akaangalia beseni, akaniangalia mimi, akarudi chumbani. Nikasikia mto ukifunikwa usoni na kicheko kikipenya pembeni.

Siku ile sikula. Nilinunua dawa yote iliyokuwepo dukani kwetu, nikakaa na mswaki hadi usiku wa manane. Askari wa Mjerumani niliwasugua wakarudi chuma kitupu, nikawapulizia rangi ya kaki, nikawagusagusa nyuso, wakapita. Kamanda naye nilimwokoa, ingawa baiskeli ilibaki na spoku za kuhesabika. Kufika kwa Wahindi na Waingereza, dawa ikaisha. Wakalala na nyuso zao zilezile.

Newark tulikwenda pamoja, shangazi amevaa kanga juu ya koti la baridi. Mwenzangu niliyekuwa nikishirikiana naye kwenye ile meza, mstaafu wa posta, alifungua sanduku, akalifunga, akalifungua tena. Hakusema neno. Tukawapanga hivyohivyo, na pilipili manga mpya.

Mzee wa kwanza kufika alitoa kioo cha kukuza mfukoni. Watu wa maonyesho haya hawana aibu, wanainama mpaka pua inagusa meza. Akainama. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole nyuso za Waingereza zimepatwa na nini, mbona zimevimba.

Nikafungua mdomo nianze hadithi ya beseni. Shangazi, ambaye Kiingereza chake ni cha kuhesabu, alikuwa ameona kidole cha mzee kinaelekea wapi.

"Bii!" akasema. Akatikisa vidole usoni pake, akalia zzzzz, akajipiga kofi shavuni.

Yule mzee akanyooka polepole. "Nyuki!" akaita wenzake. "Amewachonga wameumwa na nyuki!"

Saa nzima meza yetu haikupumua. Walipiga picha kila shavu. Mmoja akasema amecheza vita vya Tanga mara nyingi na hajaona mtu aliyefikiria kuvimbisha sura. Mwingine akatoa daftari, akataka kujua nimetumia nini. Shangazi akaniamuru nimtafsirie: chupa nzima, usiku kucha, alfajiri maji ya moto, yasiwe ya vuguvugu. Akaandika yote.

Mchezo ukaanza. Nilikuwa upande wa Mjerumani, mwenzangu upande wa Waingereza, na mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipotaka kumsogeza kamanda wangu kwenda reli. Hayupo. Nikachungulia chini ya meza, nikainua miti.

"Unamtafuta yule wa baiskeli?" shangazi akauliza. "Nimemuuza."

"Umemuuza, shangazi?"

"Alisema ishirini, mimi nikasema thelathini, tukakutana ishirini na tano. Si uliniambia hana kazi?"

Hakukuwa na la kufanya. Kwa kanuni tulizokuwa tunachezea, kikosi kisicho na kamanda hakipokei amri, kinasimama kilipo. Waingereza, na mashavu yao, wakanipita pembeni, wakauteka mji kabla ya saa tisa. Mwaka 1914 hawakuweza. Tanga waliipata Julai 1916. Mstaafu wa posta alifurahi akaninunulia chai.

Kwenye gari, shangazi alinikabidhi pauni zangu, akabaki na tano za udalali.

"Na yule mzee mwenye kioo nimempa namba yako ya simu," akasema akifunga mkanda. "Anataka ishirini, wote Waingereza. Kasema wavimbe hivyohivyo, wasipungue."